Vijiti Vitatu Nilivyoweka Mbele ya Feza

Kindu, siku ya Alhamisi

Yaya Rafaeli, kaka yangu mukubwa,

Hodi kwako, na salamu katika Bwana wetu. Habari ya huko? Kikohozi kimekuacha? Sijui namna ya kuuliza afya ya muntu aliye kwa Mungu, lakini mama alituzoeza hivyo, na siwezi kuanza barua namna nyingine. Sisi kwa mwili tuko wazima. Tangu tukuzike, nyumba yako tumeiezeka upya upande wa jiko, na mutoto wako Ana amepokea komunyo ya kwanza. Bibi yako Feza anauza muchele sokoni, hajambo. Ila mimi hajanisalimu tangu siku ya Mungu iliyopita, na hiyo njo sababu ya barua hii.

Nilirudi masomo, Yaya. Ndiyo, na mvi zangu. Mompere wetu mupya, padri wa misioni, alifungua masomo ya alasiri kwa wakubwa: walimu kama mimi, makarani, watu wa hospitali. Akatuambia kule Amerika mataifa yanakaa katika baraza moja kubwa, na sisi tutaigiza baraza lile ili tujue kusema mbele ya watu. Kila mumoja akapewa inchi. Kalumba wa hospitali alipewa Brezili. Asumani, karani wa gare ya treni, alipewa Uhindi kwa sababu ana kanzu. Akacheka, "Mompere, kanzu hii babu yangu aliipata kwa Waarabu. Uhindi hakufika."

Mimi nikapewa Ubeleji. Kalumba akauliza, "Na Kongo itakaa wapi?" Mompere akajibu, "Kongo iko ndani ya Ubeleji. Itakaa ndani ya Etieni." Tulicheka sana. Mimi nilicheka kuliko wote, na leo kicheko kile kinaninukia kinywani.

Maulizo yote aliandika Mompere, na majibu yote pia. Sisi kazi yetu ni kusoma. Na sitakuficha: mukubwa wa masomo ninakofundisha anaenda kupumzika kazi mwaka huu, na Mompere alininong'oneza kwamba Bwana Administrata atakuja kusikiliza, tena anatafuta muntu wa kukaa mahali pa mukubwa huyo. Nilikitaka kile kiti. Nilikitaka mpaka nikakiombea rozari.

Siku ya Mungu, misa ilipokwisha, watu wakajaa katika kalasi kubwa. Wazungu mbele kwenye viti, watu wetu kwenye mabenchi. Feza alikaa benchi ya kwanza na sufuria ya wali miguuni, kwa sababu wamama waliombwa kuleta chakula. Asumani akasimama na karatasi yake: "Tunamuuliza mujumbe wa Ubeleji. Ni kweli watu mnaowatawala wanapigwa fimbo kwa sababu ya pamba?"

Nikasimama. Karatasi yangu ilisema ni uongo. Ilisema watu wetu wanalima pamba kwa furaha. Ilisema anayelia kwamba alipigwa ni muvivu anayetafuta sababu.

Nikasoma, Yaya. Kwa sauti ile unayoijua, ya kusomea Epistola kanisani.

Na juu yake nikafanya ujinga ambao Mubeleji mwenyewe asingeufanya. Unajua kwetu anayesemea muntu mbele ya Sultani anashika vijiti. Kila neno analoweka anaweka na kijiti chini, na toka hapo neno ni lake yeye, si la aliyemutuma. Asubuhi ile nilikuwa nimevunja vijiti bila kufikiri. Sijui kusimama barazani mikono mitupu. Uongo, kijiti. Furaha, kijiti. Muvivu, kijiti. Wazungu waliona ni adabu ya kizee, wakapiga makofi. Watu wetu hawakupiga. Walimuangalia Feza.

Bwana Administrata akanishika mukono, akaniita muntu aliyestaarabika. Mukono wake ulikuwa laini, una jasho kama tumbo la samaki. Nikapewa mukate na saradini. Nikatafuna mbele yao, nikatabasamu, kisha nikaenda nyuma ya jiko la masista nikatapika yote. Nimenawa mukono ule kwa majivu, kwa sabuni, kwa ndimu. Kitu hakitoki. Siyo mukono wake unaonuka, ni wangu.

Feza alinikuta pale. Hakupaza sauti. "Shemeji, ule mugongo wa Rafaeli nilioupaka mawese miezi miwili, ulikuwa wa muvivu?" Akainua sufuria yake ya wali, haijafunuliwa, akajitwika, akaenda zake.

Juma-tatu nilienda kuungama. Kwa nani? Kwa Mompere yule yule, hapa hatuna mwingine. Nikasema nimetoa ushuhuda wa uongo juu ya ndugu yangu. Akaniambia kwa sauti ya upole, "Ule ulikuwa muchezo, mwanangu. Muchezo hauna zambi." Hakunipa hata Salamu Maria moja. Nilipiga magoti kanisani na, Mungu anisamehe, hata harufu ya mishumaa ilinichukiza. Petro alimukana Bwana, lakini hakuandikiwa maneno na muntu, na alilia jogoo hajanyamaza. Mimi nililia siku ya tatu.

Jana Asumani alipita nyumbani, akakataa kukaa. "Etieni," akasema, "mimi nilikuwa Uhindi siku ya Mungu, nikavua kanzu, nikarudi. Wewe bado uko Ubeleji?"

Sasa wanataka turudie. Siku ya Mungu inayokuja anakuja Bwana Komisere mwenyewe, mukubwa wa Administrata, na Mompere amesema nisisahau vijiti, vinapendeza. Basi nitavileta. Unajua sheria: anayetaka kufuta neno lake anaokota kijiti mbele ya wale wale waliosikia. Nimemutuma Kalumba amuombe Feza aje akae benchi ile ile. Amejibu atakuja, lakini bila wali.

Nitaviokota vyote vitatu, Yaya, nakuahidi mbele ya Mungu. Kiti cha mukubwa wa masomo kiende kwa mwingine. Wakinifukuza, nitalima. Wakinilaza chini kama wewe, basi nitajua ulichojua.

Ila kuna kitu kimoja. Anayeokota kijiti anaweka neno la kweli mahali pake, na neno lile lazima liwe kamili, isipokuwa hivyo Sultani analitupa. Siku ile ulipolazwa katika uwanja wa pamba nilikuwa kwenye mustari wa walioitwa kuangalia. Nilihesabu fimbo mpaka sita. Kisha niligeuza uso, nikaangalia magunia, nikaziba masikio kwa maombi. Sikukuambia kamwe. Feza anasema hukumutajia hesabu, na waliokuwa karibu nami wanasema hawakumbuki.

Pumzika kwa amani, ndugu yangu. Unisamehe ukiweza. Lakini unijibu upesi, kwa ndoto ao kwa njia yoyote Mungu atakayokupa, mbele ya siku ya Mungu: zilikuwa ngapi?

Mudogo wako,
Etieni