Alama Mbele ya Jina Lako

Kensington, Johannesburg
12 Juni

Mpendwa Dada Mwatumu,

Naomba barua hii ikukute mzima hapo Tanga, na magoti yawe yamekupa nafuu. Mimi moyo umechoka, na daktari hanifichi tena. Ila vidole bado vinaandika, namshukuru Mungu.

Shirika lililochapisha kitabu chetu cha jiometri linataka kutoa toleo jipya. Limeomba mafaili ya LaTeX, ile lugha ya kompyuta tuliyopangia kurasa. Wiki tatu sasa nayapanga: kila sura folda yake, na juu ya kila faili maelezo ya nani aliandika nini, na lini. Léocadie, muuguzi wangu Mkongo, alinikuta kitandani na kompyuta tumboni akaniuliza, papa, unakufa ao unafanya kazi, chagua moja. Nikamwambia kazi kwanza. Akacheka, akanisogezea mto.

Sura ya nne hadi ya saba ni zako. Uliziandika kwa mkono katika kile chumba ulichopanga Bellevue, hapa hapa Johannesburg, tulipokuwa tukifundisha pamoja, mimi nikazichapa. Wanafunzi wa hapa husifu hizo kuliko zangu.

Sasa nikwambie ninachokiogopa. Kitabu kilipotoka bila jina lako, nilikuambia wachapishaji ndio walioliondoa. Ukaniamini, tena ukanipa pole. Si wao, dada. Unajua kwamba katika LaTeX ukitia alama ya asilimia mwanzoni mwa mstari, mstari hubaki kwenye faili lakini hautokei kwenye ukurasa. Niliitia mbele ya jina lako asubuhi niliyotuma kazi. Nilikuwa nimeomba uprofesa, nikataka kitabu kiwe changu peke yangu. Uprofesa niliupata. Jina sikuthubutu kulifuta. Nililificha tu, miaka kumi na tisa.

Jana nimeiondoa alama ile. Nimemtumia mhariri faili pamoja na maelezo ya kosa langu, naye amejibu leo: majina yatakuwa mawili, lako likitangulia. Dibaji amekuachia wewe. Andika utakavyo, na habari zangu pia. Usinipunguzie kwa sababu naumwa.

Nisalimie Saida na wajukuu wote. Nikijaliwa kuiona dibaji yako, nitaisoma hadi mwisho, hata ikiniuma.

Mimi niliyekukosea,
Moffat