Mama Niliyesimuliwa Maktabani

Tata, shikamoo.

Ni mimi Adventina, mwanao wa pekee, uliyebaki naye kibanjani, kwenye shamba letu. Miezi minne sasa tangu tukuzike nyuma ya nyumba, kando ya mama. Kahawa tumechuma. Yule ng'ombe mwekundu amezaa jike. Lakini siandiki kwa ajili ya hayo. Nina wivu, Tata, na wa kumwambia ni wewe uliyeniachia.

Unazikumbuka Jumamosi zako za maktaba. Nilikupigia pasi shati, nikakuitia bodaboda, ukaenda kuwasimulia watu wa Ihanda habari za zamani. Mimi nilibaki nikimenya ndizi. Ukirudi nakuuliza, "Leo mmeongea nini?" Unanijibu, "Mambo ya kale tu, mwanangu. Chakula tayari?" Nikadhani umechoka.

Jumamosi iliyopita watu wa maktaba waliniita, wakitaka familia iwepo. Kumbe kwenye kiti chako yuko Editha, muuguzi ambaye, nimeambiwa, alikuwa akikaa mbele na daftari akiandika maneno yako. Sasa msimulizi ni yeye. Akaanza: "Mzee alituambia, mkewe alileta miche ya kahawa kwa miguu kutoka Rugera. Kaibeba kichwani, ana mimba ya miezi saba, na njia nzima anaimba."

Tata, mimba ile ni mimi.

Watu walitabasamu, hadithi wanaijua. Bibi mmoja nyuma yangu akadakia, "Na mvua ikamkuta njiani!" Wote wakacheka. Wanamjua mama yangu kuliko mimi. Alikufa sijaota meno. Nilipokuwa darasa la tatu nilikuuliza alifananaje, ukatoka kwenda kukata majani ya ng'ombe. Sikuuliza tena. Niliogopa kukuumiza. Kumbe maneno ulikuwa nayo. Ukawapa wengine.

Sikungoja amalize. Nilitoka. Editha akanifuata hadi barazani, akaninyooshea daftari lake. "Dada, chukua. Haya ni ya kwenu."

Nilimjibu vibaya: "Yangekuwa ya kwetu ningeyasikia kwetu."

Kisha akasema polepole, "Kila simulizi ikifika kwa mama yako, Mzee alikuwa analia. Alituambia, 'Hapa kwenu naweza. Nyumbani yapo macho yake, yananitazama.'"

Kwa hiyo nina macho ya mama. Hata hilo nimeambiwa na Editha.

Nililichukua daftari. Nimelisoma mara tatu, na mara ya tatu sikulia. Wivu haujaisha, sitakudanganya. Namwonea wivu hata yule bibi wa mvua. Ila nimekwenda kumwomba Editha radhi, naye akaniomba Jumamosi ijayo nisimulie mimi. Nimekubali. Nitawaeleza ulivyoikata mibuni iliyozeeka ukaanza upya, mzee wa miaka yako, majirani wakikucheka.

Lakini moja sitalisema, hata wanibembeleze. Siku zako za mwisho hospitalini ulinishika mkono ukaniita Kokushubila. Ukasema, "Umechelewa sana, mke wangu." Sikukusahihisha. Nilikuitikia kwa jina hilo la mama, nikakaa nawe mpaka ukasinzia.

Hilo hawatalipata. Ni langu.

Lala salama, Tata. Mama msalimie. Mwambie nitawaruhusu wamsimulie, ila mtoto wake ni mimi peke yangu.

Mwanao,
Adventina