Wimbo Niliousimamia

Jumatatu, 3 Februari
Mwanangu Yusra usiku kaamka mara nne. Meno. Nimemwekea rumba la Kikongo kwenye simu, kalia. Nyimbo za Kihindi, kalia. Singeli ndo kabisa. Fidla ya taarab ya zamani ndiyo ikamnyamazisha. Miezi saba tu, anachagua kama bibi yake. Saa moja asubuhi wifi yangu Mwanaidi kaja kukaa naye, nami nikashuka mjini kufua mashuka ya nyumba ya wageni. Bila ya wifi sina kazi.

Jumamosi, 8 Februari
Harusi ya jirani hapa Bububu. Wanawake watupu, taarab ya kisasa, spika zinatikisa kifua. Nlikuwa nasinzia kitini. Mwimbaji nimesoma naye, nikaona haya kuondoka bila ya kumtunza. Nikasimama, noti juu, nikapita mbele nacheza. Vigelegele ukumbi mzima. Nikafurahi!

Maneno sikuyasikiliza. Wimbo unamcheka mwanamke aliyerudishwa kwao. Na nimepita mbele ya nani? Mwanaidi. Talaka yake haina hata miezi mitatu. Kachukua mkoba, katoka.

Kwetu mtu hasimami bure. Ukiutunza wimbo ushakuwa wako, na uliyempitia mbele ndiye uliyempelekea. Nalijua hilo tangu mdogo. Mjinga mimi.

Jumatatu, 10 Februari
Wifi hakuja. Simu hapokei. Nimefua na mtoto mgongoni. Msimamizi kasema wiki hii atavumilia, wiki ijayo hapana. Nshachoka.

Jumanne, 11 Februari
Nimekwenda kwake. Mlango haukufunguliwa, na ndani redio inasema.

Bi Tatu, jirani, kanipongeza dirishani. "Umempasha, mwanangu, mpaka kanywea!" Nikamwambia sikumpasha mtu. "Hebu! Noti juu, kiuno chini, halafu hukumpasha?" Nimefunga dirisha.

Alhamisi kuna kidumbaki, taarab ndogo ya mtaani, mtaa wa pili. Wanasema Mwanaidi atasimama anijibu. Mume wangu anasema nisiende, nimwandikie ujumbe. Siandiki. Nimemvunjia heshima mbele ya watu, nitamwomba radhi mbele ya watu.

Alhamisi, 13 Februari
Nimekwenda, Yusra mkononi. Fidla ikalia, sanduku la besi likajibu, ukaanza wimbo wa vijembe. Mwanaidi kainuka na noti yake. Macho yote kwangu. Nami nikasimama.

"Wifi, siku ile nlikuwa na usingizi. Maneno sikuyasikia. Wallahi sikukusudia. Nisamehe."

Kanitazama kiunoni. "Usingizi, na kiuno kile?"

"Kiuno kilikuwa macho, wifi. Mwenyewe nimelala."

Kacheka. Kacheka mpaka kashika ukuta. Noti kairudisha kifuani. Wimbo ukaisha hauna mwenyewe. Bi Tatu kanuna, kakosa la kusimulia. Alhamdulillahi. Nimelia njia nzima kurudi, kama mtoto.

Jumatatu, 17 Februari
Saa moja, hodi. Mwanaidi. Kasema wimbo wenyewe haukumuuma sana. Kilichomuuma ni kudhani ndivyo tunavyomsema humu ndani. Nikamwambia hatukusemi. Kasema haya. Kamchukua Yusra kaenda naye uani.

Ilikuwa bado mapema kushuka kazini. Nimekaa jikoni peke yangu, chai nimeinywa ingali ya moto. Yote.