Mwezi Mwembamba Jichoni

Jumatatu, 3 Machi
Kesho ndiyo kesho. Mtoto wa jicho amekaa humu kwenye jicho la kulia mpaka amekuwa mtu mzima — ahame sasa! La kushoto halihesabiki, ni la mapambo tu tangu utotoni. Kwa hiyo ninalo moja, na ndilo linalopasuliwa.

Daktari atakayepasua ni Taratibu. Jina hilo nilimpa mimi, alipokuja kujifunza nami nikiwa sista wa chumba cha upasuaji. Alitembea kama mtu aliyebeba mayai. Amenichagulia lenzi ya kisasa, ya mbali na karibu kwa pamoja. Miwani kwaheri! Mzee wangu anasema nikishamwona vizuri nitamwacha. Nimemwambia asiwe na haraka.

Jumanne, 4 Machi
Nimefungwa jicho. Naandika kwa kubahatisha.

Chini ya lile shuka la upasuaji kulikuwa na dunia nyingine. Ganzi imeshika, hakuna maumivu. Mwanga wa darubini ukavunjika vipande — buluu, zambarau, waridi — vikaelea polepole, kama nimelala chini ya bwawa na mtu anamwaga rangi juu. Nilisahau kama nina mwili. Raha, jamani!

Halafu nikamsikia Taratibu akimwuliza muuguzi wake: "Sista, chai ipo?"

Maneno hayo nayajua. Mgonjwa wa jicho halazwi usingizi, anasikia kila kitu, kwa hiyo kule ndani hatusemi kifuko cha lenzi kimechanika. Tunauliza chai. Maana yake: leteni mashine ya kukata ute wa ndani ya jicho, na lenzi ya akiba. Miaka yote nimewasikia wagonjwa wakicheka — daktari naye, chai saa hizi? Leo mgonjwa hakucheka. Nikajikaza, nisije nikatikisa kichwa. Na zile rangi ziliendelea kuelea, nzuri vilevile. Hilo ndilo lililoniudhi.

Jumatano, 5 Machi
Bandeji imetoka. Taratibu alivuta kiti akanieleza yote bila kuficha. Lenzi ya kisasa imekosa pa kukaa, ameweka ile ya akiba, yenye mikono mirefu, mbele ya kifuko. Nikamwacha aseme mpaka mwisho, kana kwamba ni habari mpya.

"Ulisikia, sivyo?"

Nikasema nilikuwa nimesinzia. Mungu anisamehe.

Lakini naona! Ukuta mweupe mpaka unatisha. Na mzee wangu ana makunyanzi — mimi nilidhani nimeolewa na kijana!

Jumapili, 9 Machi
Nimekaa uani kutwa nzima. Shuka kwenye kamba, jua linapita ndani yake. Chungu wanapanda ukutani, mmoja mmoja. Nimeitwa kula mara kadhaa sikusikia.

Alhamisi, 13 Machi
Kuna kitu. Nikigeuka kwenye taa, pembeni ya jicho hutokea mwezi mwembamba wa mwanga. Unatetemeka, unatulia. Mzuri kweli. Nimelala kitandani nikiuwasha na kuuzima kwa kugeuza kichwa tu.

Najua ni nini. Ni ukingo wa lenzi. Imeteleza.

Na nimenyamaza! Nikisema, nitarudi chini ya lile shuka. Nikisema, Taratibu ataumia. Mficha maradhi kifo humuumbua — wagonjwa wangapi nimewaambia hivyo? Leo inanikaba mwenyewe. Naogopa.

Jumatatu, 17 Machi
Nimemimina maji pembeni ya glasi. Mzee akauliza siku hizi meza nayo inamwagiliwa? Halafu akaniangalia. Nikasema yote. Hakufoka, alichukua funguo tukaenda.

Taratibu alitazama muda mrefu. Lenzi imeshuka, na ikiachwa inaweza kudondoka kabisa nyuma ya jicho. Itolewe, iwekwe nyingine, ya kushonwa kwenye weupe wa jicho. Mkubwa wake atakuwepo Jumatano. "Useme wewe, sista. Yeye au mimi."

Njiani mzee anasema ni mkubwa, hakuna cha mjadala. Mwezi ulikuwa unatufuata dirishani mchana kweupe.

Jumatano, 19 Machi
Wodini. Dawa ya kutanua mboni imeingia, herufi zinaogelea, naandika kubwa kubwa kama mtoto wa darasa la kwanza. Niliota nimo ndani ya jicho langu, chumba kidogo chenye maji, na Taratibu anafungua madirisha.

Taratibu ameingia. Akauliza nimeamuaje.

Nampenda yule mtoto. Nilimfundisha kunawa mikono kabla hajashika kisu. Nilikuwa nimejiandaa kusema "wewe". Kinywa kikasema, "Mkubwa." Aibu ilinijaa mpaka masikioni. Lakini jicho ni langu, na ni hili tu.

Akasema, "Umefanya vizuri, sista." Halafu kwa sauti ndogo: "Basi niingie nikushike mkono tu? Au nisiwepo kabisa?"

Nimeinamia daftari, najifanya nina la kuandika. Bado amesimama mlangoni. Naona koti jeupe, na juu yake ukungu mtupu. Sijui kama analia au ameshusha pumzi. Ningeuona uso wake, ningejua la kumjibu.