Siku Mama Alipoingia Bwawani

Nyumbani kwa Mama,
Tanta.
6 Februari

Mpendwa Kaka Wagdi,

Pokea salamu nyingi za nyumbani. Sote tu wazima, ila mimi nina mafua, na chanzo chake utakisoma humu humu. U hali gani wewe na wifi yangu? Na Nahla, bibi harusi wetu, anakula vizuri au naye ameshaanza kujikondesha?

Barua yako ya mwisho ilikuwa na ombi moja: nimlainishe Mama aje Montreal harusini mwezi wa tatu. Kaka, uliniagiza nihamishe mlima. Alikwishasema haendi kufia kwenye theluji, na magoti yake yalimuunga mkono. Najua hujamwona miaka kumi na moja, na inaniuma. Ndiyo maana likizo hii ya shule nikasema twende Sokhna, ufukweni, hoteli yenye bwawa la maji moto. Nilitaka aone kwa macho yake kwamba mtu anaweza kulowa wakati wa baridi na asife.

Unaijua sheria yake. Ukioga katika Tuba, mwezi wa baridi kali, hutoki nje mpaka nywele zikauke. Upepo ukikukuta umelowa, umekwisha. Tumelelewa hivyo, na hadi leo mume wangu Shawki, mhandisi mzima, akioga hujifungia chumbani kama mwali.

Basi siku ya pili tuliingia majini saa sita mchana, mimi, Shawki na watoto. Maji yalikuwa matamu, yanafuka mvuke. Mama alikaa kitini pembeni, shali tatu mabegani, mkongojo mkononi, na mapajani sinia la makaroni alilotoka nalo nyumbani kwa kuwa haamini wapishi wa hoteli. Mara upepo ukavuma. Akainua mkongojo na kutangaza kwamba hatoki mtu mpaka utulie.

Upepo wa Sokhna hautulii. Saa tisa tulikuwa bado majini, vidole vimekunjamana, na ukumbi wa chakula umeshafungwa. Wazungu walitoka wamelowa chepechepe, wakapita zao na kaptura. Mama aliwaombea dua mmoja mmoja. Sisi alitulisha makaroni kwa kijiko kutoka ukingoni, mpaka mgongo ukamchosha. Nikamwambia ataona nafuu akikaa hapo ukingoni na kutia miguu.

Akatia. Kisha akauliza kwa sauti ndogo kama ile nguo ya kuogelea niliyomficha kwenye begi, ambayo kumbe alishaiona tangu Tanta, inafunika mpaka shingo.

Akaenda kubadili, akaingia. Mama yetu, miaka sabini na minane. Aliachia ukingo, akatembea, magoti yakamtii, akawa anacheka peke yake. Nililia, Kaka, na sikuona haya, maana uso ulikuwa umeshalowa.

Shida ilikuja jua lilipozama. Upepo ulikuwa palepale, na sheria ilikuwa yake mwenyewe. Sote tukamtazama. Mazin, mwanangu wa mwisho, unaujua ulimi wake.

"Bibi, tulale humu au tukafie nje?"

Mama alifikiri sana. "Mimi si bata nikalale majini," akasema. "Leteni taulo."

Tukamfunga taulo saba, yakabaki macho tu. Akaukabili ule upepo mpaka chumbani, hatua kama hamsini, sisi nyuma tukimkimbilia. Tulipofika mlangoni ndipo nilipogundua kwamba mkongojo tumeuacha bwawani.

Kesho yake alikaa kutwa akiingoja homa. Aliomba kipimajoto mara nne. Homa haikwenda kwake, ilikuja kwangu, naye akanitazama kwa kuridhika kabisa.

Jana, akinichemshia majani ya mpera, aliniuliza bila kuniangalia, "Huko kwa Wagdi, hoteli zao zina maji moto?"

Nikamwambia zinayo.

"Basi mwambie atafute moja karibu na harusi. Na taulo ziwe saba."

Nisalimie wifi na Nahla. Shawki na Mazin wanawasalimu. Mungu awatunze hadi mwezi wa tatu. Mkongojo tuliurudia bwawani, ila Mama hautaki tena, atakuletea wewe. Anasema katika picha uliyotutumia ameziona mvi zako.

Dada yako akupendaye hata akipiga chafya,
Ibtihal