Betri Aliyoichukua Sabiti

Jumamosi, 6 Septemba 2025

Gari limekufa. Nazungusha ufunguo — tik, tik, basi. Na mama ameshaketi ndani, kitenge cha kutokea na kila kitu! Jirani yangu Sabiti akaja na gari lake na nyaya za kubusti, za kuunga betri kwa betri. Huyu ndiye anayeuza sola na betri pale Benaco. Tukaunga. Cheche! Harufu ya kuungua. Sabiti akachomoa haraka, akaunga upya, likawaka. Lakini taa nyekundu ya betri haikuzima njia nzima.

Hakutaka hata hela ya mafuta. "Si jirani, Mwalimu?" Anatabasamu. Muuza betri anatabasamu nini betri ya mtu ikifa?

Alhamisi lazima gari liwe zima. Madaktari wa macho wanakuja Biharamulo siku hiyo moja tu. Jicho la mama la kulia lilishakufa, la kushoto linafungwa na mtoto wa jicho. Majina yanaitwa saa mbili asubuhi. Basi la kwanza halijafika saa hizo.

Jumapili, 7 Septemba

Limekufa tena. Tumekwenda misa kwa miguu, mama kanishika mkono.

Tuliporudi, Sabiti huyo mlangoni. Nani kamwita? Kafungua betri, kaibeba begani. Ana chaja kwake, ataileta kesho. Nikasema sawa.

Kwa nini nilisema sawa? Betri ya miezi minne!

Jumatatu, 8 Septemba

Kairudisha, kaifunga mwenyewe, gari likawaka mara moja. Alipoondoka nikafunua boneti. Hii ina vumbi. Stika ya tarehe imechanika. Imechanika — au imechanwa? Yangu ilikuwa na mkwaruzo ubavuni? Sikumbuki. Nilipaswa kuandika namba zake.

Taa nyekundu bado inawaka. Nilipoenda dukani mchana redio ya gari ikazima yenyewe.

Domisiana wa jumuiya yetu kapita, nikamweleza. Kaguna tu: watu wa betri hao. Nilijiambia sitataja jina. Nikataja.

Jumanne, 9 Septemba

Nimelipeleka Benaco kwa Idefonsi, fundi umeme. Limezima hatua chache kabla ya gereji, watu wakasukuma. Sikuzunguka: Sabiti kanibadilishia betri, kaniwekea kuukuu! Wateja watatu kwenye benchi wakatazamana. Vizuri. Wajue.

Idefonsi kachomoa betri. Kafunga betri yake ya gereji, kawasha gari, kaweka mita. Volti kumi na mbili. Kakanyaga mafuta — kumi na mbili ileile. Inatakiwa ipande mpaka kumi na nne, kasema. Betri yangu haina kosa, Jumamosi labda ilimalizwa na taa iliyoachwa ikiwaka usiku, ila sasa alteneta haiichaji. Hata nikifunga mpya kutoka dukani itakwisha vilevile. Kafungua kisanduku cha fyuzi. Ile kubwa ya alteneta imeungua, nyeusi tii.

"Mlipokuwa mnabusti, Mwalimu, kuna mtu aligeuza nyaya. Chanya kwenye hasi."

Kumbe! Basi hakuiba — kaharibu. Kusudi, ili nikanunue kwake!

Fyuzi ya saizi hiyo Benaco hakuna, inatoka Kahama. Ijumaa. Ijumaa! Gari limebaki huko. Nimerudi kwa bodaboda, nimemchukia Sabiti njia nzima.

Jumatano, 10 Septemba

Mama alikuwa anachambua maharage kwa vidole. Nikamweleza Sabiti alivyogeuza nyaya. Akaendelea kuchambua. Halafu:

"Si Sabiti."

"Mama, wewe huoni."

"Sioni, nasikia. Alisema, subiri Mwalimu nikuoneshe, nyekundu inakaa chanya. Ukamwambia umefundisha sayansi miaka thelathini. Ndipo pakalia paa! Akakwambia weka mkono pembeni."

Nilitaka kubisha. Nikauona mkono wangu mwenyewe unabana ile nyekundu. Upande wa karibu, kwa sababu ulikuwa karibu. Sikusoma alama hata moja.

Ni mimi.

Jioni Sabiti kabisha hodi. Kamsalimia mama shikamoo, bibi. Kasikia gari limelala Benaco. Kesho saa kumi alfajiri atatupeleka, tujiandae. Nikasema asante tu.

Alhamisi, 11 Septemba

Biharamulo, benchi la nje. Jina la mama liliitwa la sita. Ameingia sasa hivi, kavua viatu mwenyewe mlangoni.

Njiani mama alikaa mbele, Sabiti akimsimulia miti inavyopita. Mimi nyuma. Mama hakusema neno kuhusu nyaya. Ananisubiri.

Hapa kwenye benchi Sabiti kaniuliza, taratibu, bila kunitazama. Jana wateja wawili walimrudishia betri. Wanasema anauza za wizi. Mkewe Pili kazomewa kisimani.

"Mwalimu, wewe watu wanakuambia mambo. Umesikia nani kaanzisha?"

Nikasema sijui.

Sijui! Limetoka lenyewe, jepesi. Akaitikia kwa kichwa. Akasema labda ni mtu mwenye shida zake, Mungu amsaidie. Akaenda kuswali dhuha.

Anajua? Kama anajua, kwa nini ametuleta? Na kama hajui, mbona hakunitazama?

Huyo anarudi. Kashika chupa mbili za maji, moja kaninunulia mimi. Nafunga daftari. Nitamwita jina lake kwanza, Sabiti, halafu niseme ni mimi niliyeanzisha.