Mkanda Niliouchomoa Ruwi

Mjukuu wangu Salma,

Hapa Sib sote wazima, na shangazi yako kajifungua mtoto wa kike. Umeniuliza kwa nini sizitupi kanda zangu za video, eti filamu zote zimo kwenye simu. Zote? Nani kakwambia?

Ujanani nilimkuta mwenye duka la video huku mtaa wa Ruwi anarikodi mieleka juu ya filamu ya zamani iliyopigwa kwetu Unguja.

"Nani anaitaka hii?" akanicheka.

"Mimi naitaka!" Nikauchomoa mkanda kwenye mashine.

Nusu ilishafutika. Katika iliyobaki, marehemu mama yangu anapita sokoni, anacheka. Sina picha yake nyingine. Nna hasira mpaka leo! Tangu hapo kila mkanda wa zamani nauchukua, maana huenda mama wa mtu yumo ndani.

Akupendaye,
Bibi yako